Pikapu ya kazi ya samaki: ninunue Isuzu D-Max ya 1.9 sasa au nisubiri injini mpya ya 2.2?

Shela Samaki, Malindi

Assalaam alaykum wenzangu, na poleni na kazi.

Mimi ni mfanyabiashara wa samaki hapa Malindi. Alfajiri nashuka Mayungu au Ngomeni, kutegemea wapi bahari imetoa, nanunua kwa wavuvi, napanga na barafu, na kabla jua halijakaza natakiwa niwe nimeshafika kwa wateja: mikahawa ya mjini, hoteli za Casuarina na za Watamu. Jodari au nguru wakiwa wengi nateremka nao mpaka Mombasa. Miezi ya kusi kazi ni ya kubangaiza. Pesa yangu ya mwaka naipata kaskazi, na kaskazi ndiyo hiyo iko mlangoni.

Gari langu ni pikapu ya Isuzu ya zamani, ile ya dizeli ya lita 2.5 isiyo na tabo (turbo, ile inayoisukumia injini hewa), aliyoninunulia marehemu baba. Injini yake haijawahi kunilaza njiani, nasema kwa haki ya Mungu. Shida iko chini. Maji ya barafu, pamoja na chumvi na utelezi wa samaki, huchuruzika kutoka kwenye masanduku, yakapita kwenye nyufa za bodi na kutua juu ya chasisi, nyuma ya kabini na pale zinaposhikia springi za nyuma. Juzi fundi aliingia chini akagonga kwa nyundo. Mbele chuma kinalia vizuri. Alipofika kwenye springi sauti ikabadilika, ikawa nzito, haina mwangwi. Akachukua bisibisi akasukuma, ikazama mpaka kwenye mpini. Amenichomelea kiraka na kuniambia nisimlaumu.

Sacco yangu imeshapitisha mkopo. Nimekwenda Mombasa kuangalia pikapu mpya ya Isuzu D-Max ya kabini moja, injini ya lita 1.9, gia za mkono. Nimeipenda. Nikarudi nyumbani nikamwambia mpwa wangu, kijana anayefuatilia sana mambo ya magari, akaruka: "Khalati, usinunue hiyo, imeshapitwa!" Akanitumia maelezo kwamba Thailand, zinakotoka D-Max, Novemba 2024 walizindua injini mpya ya 2.2 kuchukua nafasi ya 1.9. Farasi 163 badala ya 150, na nguvu ya kuvuta Nm 400 badala ya 350. Nilipompigia muuzaji kumuuliza nitaipata lini hiyo, kabini moja na gia za mkono, alisema nisubiri kidogo. Tarehe hakunipa.

Sasa nimekwama. Deni hili nitalilipa kwa miaka, na sitaki nianze kulilipia kitu ambacho kesho watu watakiita cha zamani. Lakini nikisubiri, kaskazi nitaifanya na gari lenye kiraka. Nyinyi mnaobeba mizigo kwenye njia zetu hizi, mngefanyaje? Tena naomba sababu, si "chukua hii" peke yake.

Fundi Nozeli, Malindi

Wa alaykum salaam mamangu. Kazi yangu ni pampu za dizeli na nozeli, ile midomo inayonyunyizia mafuta ndani ya injini, na nilianza na hizo hizo 2.5 kama yako. Nitasema kwa urefu, univumilie.

Nianze na chasisi, maana hilo la bisibisi limenishtua kuliko yote uliyoandika. Pale springi zinaposhikia ndipo uzito wote wa nyuma unapolala. Kiraka kikichomelewa juu ya chuma kilicholiwa, kiraka chenyewe hakivunjiki, kinang'oka pamoja na ukingo uliooza unaokizunguka. Na hakikupi ilani. Siku umepakia tani nzima ya samaki na barafu, unateremka daraja la Sabaki, springi ikaachia upande mmoja, basi ekseli inakaa mshazari na gari linakwenda linakotaka. Kwa hiyo suala la kununua lini limeshaamuliwa na kutu. Injini mpya ya Thailand haina kauli hapo. Ungekuwa na chasisi nzima ningekwambia kaa utulie, subiri hata mwaka.

Tuje kwenye injini. Namba alizokupa mpwa wako ni za kweli, ila hakukupa zote. 1.9 hufikia Nm 350 zake ikizunguka kati ya 1,800 na 2,600 kwa dakika. 2.2 hufikia 400 kuanzia 1,600 hadi 2,400. Hizo farasi 13 za ziada ukiwa na mzigo hutazisikia. Nm 50 utazisikia, na utazisikia zaidi kwa sababu zinaanza chini. Unaijua njia ya kutoka Gongoni kuingia Ngomeni, pale kwenye mchanga na tope la mabwawa ya chumvi. Gari linazama pale dereva anapokanyaga mafuta tairi zikazunguka bure zikajichimbia. Injini inayovuta huku ikizunguka polepole inakutoa taratibu bila kuchimba. Hapo 2.2 ni bora, sibishi.

Lakini usilinganishe mpya na mpya tu. Linganisha na ulichonacho. 1.9 ina karibu mara mbili ya mvuto wa hiyo 2.5 yako isiyo na tabo, na 2.5 hiyo imekupeleka Ngomeni miaka yote. Utatoka kwenye 1.9 ukisema gari limekuwa jepesi. Na jambo jingine: sifa nyingi mpwa wako anazozisoma za 2.2 zimeandikwa na watu walioendesha yenye gia otomatiki ya hatua 8. Wewe unataka gia za mkono. Raha wanayoielezea nusu yake ni ya giaboksi.

Kinachonikosesha amani kwa wateja wanaotoka kwenye injini za zamani ni mafuta, na hili halichagui 1.9 wala 2.2, zote ni komoni reli, yaani pampu inajaza dizeli kwa shinikizo kubwa kwenye bomba moja (reli) linalolisha nozeli zote. Nozeli zako za sasa hufunguka kwa shinikizo la bar 200 hivi. Za komoni reli zinafanya kazi zaidi ya bar 1,500, na matundu yake ni membamba hata kwa macho huyaoni vizuri. Maji kidogo yakiingia, 2.5 yako inakohoa moshi mweupe, inatetemeka, inaendelea na safari. Komoni reli hayo maji yanaondoa ulainishaji kwenye pampu, pampu inajisaga, unga wa chuma unaingia kwenye reli, na nozeli zote nne zinaharibika kwa pamoja. Nimefungua pampu za namna hiyo, unapitisha kidole ndani unakitoa kinang'aa fedha. Gharama yake mtu anakaa chini. Kwa hiyo ile dizeli ya madumu inayouzwa ufukweni kwa ajili ya maboti, iache kabisa, hata siku umebanwa. Jaza kwenye kituo chenye wateja wengi, mwaga maji chini ya filta mara kwa mara, na filta ya dizeli ibadilishe mapema kuliko kitabu kinavyosema. Hewa yetu ina unyevu, tangi lisilojaa likilala usiku kucha linatengeneza maji lenyewe.

Na kuna swali ambalo wanunuzi hawaulizi: gari litakalouzwa hapa lina kichujio cha masizi kwenye ekzosi au halina? Kichujio hicho hukusanya masizi, halafu huyachoma chenyewe ekzosi ikipata moto wa kutosha, yaani safari ndefu ya mwendo wa barabara kuu. Kazi yako wewe ni Shela mpaka Mayungu, kusimama ufukweni injini ikinguruma, hoteli hii, hoteli ile. Ekzosi haipati moto, kichujio kinaziba, taa inawaka, gari linakosa nguvu. Kadiri masharti ya moshi yanavyokazwa ndivyo vichujio hivi vinavyoongezeka. Euro 5, mojawapo ya masharti hayo kule Ulaya, ilipangiwa dizeli yenye salfa isiyozidi 10 ppm (sehemu 10 kwa milioni). Sisi mwaka 2015 ndio tulishuka kutoka 500 hadi 50. Mtu anayekimbia Mombasa na Nairobi kichujio hakimsumbui. Wewe kitakusumbua. Kwa hiyo hilo muulize muuzaji, kwa maandishi, kwa gari lolote utakaloamua, la sasa au la baadaye.

Kwa kazi yako ningechukua 1.9 sasa.

Mwana wa Magarini

Nakubaliana na fundi kwa mambo ya chasisi na mafuta. La kununua sasa sikubaliani naye, kwa sababu ya bei.

Mimi nabeba embe, boribo na ngowe, kutoka mashambani huku Magarini kwenda Kongowea. Nimenunua na kuuza magari ya kazi, na nina neno moja kwa dada: subiri, lakini usisubiri ile 2.2. Subiri siku itakapotua, uinunue 1.9. Injini mpya ikishawekwa shorumu, zile zilizobaki uwanjani zinamuumiza muuzaji. Anazilipia nafasi, anazilipia riba. Hapo ndipo anapokubali kukuwekea bodi bure, anakupa sevisi za mwanzo, anashusha bei. Leo ukienda yeye ndiye mwenye nguvu, maana una haraka na inaonekana usoni mwako.

Na upande wa kuuza baadaye pia utazame. Gari la kazi kwetu pwani halishuki bei kwa sababu ya injini mpya peke yake. Linashuka kwa kutu. Mnunuzi wa Malindi anainama kwanza kutazama chini kabla hajafungua boneti. Hizo 2.5 za zamani zimetoka zamani sana na bado ukiitangaza yenye chasisi safi, haikai wiki. Kwa hiyo hofu ya "kesho itaitwa ya zamani" iondoe moyoni. Hakuna atakayekuuliza ni ya lini ikiwa chuma ni kizima.

Pendekezo langu: kaskazi hii kodi pikapu. Mkopo uache sacco, deni halijaanza kukula. Baada ya kaskazi unakwenda Mombasa na pesa mkononi, bila haraka.

Shela Samaki, Malindi

Ahsanteni sana, mmenifungua macho wote wawili.

Kaka wa Magarini, hesabu yako ya bei ni nzuri na nimeiandika. Ila nikodi kwa nani? Desemba ndiyo embe zimeiva, pikapu zote za kukodi kuanzia Mambrui mpaka Marereni ziko kwenu mashambani. Na mwenye gari akisikia samaki anaongeza bei au anakataa kabisa, kwa sababu ya harufu. Mwaka jana kusi nililikodi moja wakati langu liko gereji, mwenyewe alinidai pesa ya kuosha iliyokuwa kubwa kuliko faida ya siku. Na dereva wa kukodi haji saa kumi za alfajiri. Samaki hawangoji.

Tena hoteli zangu zinafunga mipango ya msimu kabla wageni hawajafika. Mpishi nikimkosesha changu na kamba siku mbili tu za mwanzo wa msimu, anakwenda kwa mwingine, na simpati tena mpaka mwakani.

Fundi, nimempigia muuzaji kuhusu hicho kichujio. Amesema ataniandikia. Swali langu jingine: kama nitanunua jipya, nitalizuiaje lisioze kama hili? Sitaki kurudi hapa na kisa kile kile.

Jeti ya Mokowe, Lamu

Salaam kutoka huku. Mimi nabeba kutoka Mokowe, kamba na pweza kwenda, barafu na bidhaa za duka kurudi. Nitaongeza moja tu ambalo sijaliona hapo juu.

Injini ni watu wanaoijua. Kutoka Mokowe mpaka Garsen ni masafa, na sehemu kubwa ni pori. Novemba 2023 maji yalipoikata barabara pale Lango la Simba, magari yalilala foleni pande zote mbili, na mzigo wa samaki ukioza mtu anatazama. Katika hali kama hiyo, gari likigoma, unahitaji fundi wa Witu au Garsen anayeijua injini hiyo, na duka lenye filta yake, mikanda yake, pampu yake ya maji. 1.9 mafundi wetu wameshaizoea, mashine zao za kusomea makosa zinaisoma. Injini inayoingia sokoni mwaka wake wa kwanza, spea zake ziko kwa muuzaji peke yake, na muuzaji yuko Mombasa. Ukiagiza unangoja. Wewe dada uko Malindi, si mbali kama sisi, lakini ukienda Ngomeni alfajiri uko peke yako vile vile.

Sisemi 2.2 ni mbaya. Ikishakaa, wenye pikapu wakaizungusha, wakajua inaugua nini, nitaitamani hata mimi. Kwa gari moja linalolisha nyumba, sitaki kuwa wa kwanza.

Mwana wa Magarini

Dada, la kukodi Desemba umenishinda, kweli magari yote tunayo sisi. Basi kama ni kununua sasa, usiende na uso wa haraka. Mwambie muuzaji waziwazi kwamba unajua habari ya 2.2, umeisoma, na kwamba unachukua 1.9 akikupa sababu. Sababu iwe bodi, au sevisi, au bei. Na usitoe arabuni mpaka gari umeliona kwa macho na namba ya chasisi umeiandika.

Fundi Nozeli, Malindi

Mzee wa Mokowe amesema la maana, nami naliunga mkono.

Mamangu, swali lako la kutu ndilo lenye thamani kuliko la injini, kwa sababu gari la samaki halifi kwa injini. Nikueleze ninavyowafanyia wateja wa ufukweni.

Usipakie masanduku moja kwa moja kwenye bodi ya bati. Tengeneza sanduku kubwa la faiba lenye povu katikati, likae ndani ya bodi. Sakafu yake iinamie nyuma, kwenye kona moja, na kona hiyo iwe na tundu na bomba la plastiki. Bomba hilo ndilo roho ya kazi nzima. Literemke moja kwa moja mpaka chini ya kiwango cha chasisi, nyuma ya ekseli, mbali na springi, mbali na mabomba ya breki, mbali na ekzosi. Mafundi wengi wanalikata fupi, linaishia juu ya chasisi, maji yanaruka na upepo wa mwendo yanarudi pale pale. Likate refu, na mwishoni weka mpira laini ili likigusa mchanga lisivunjike. Ukiwa mjini lifunge kwa koki, maji usiyamwage barabarani, umwage mahali pake.

Chasisi ipakwe rangi ya lami gari likiwa bado jipya na kavu, kabla chumvi haijaonja chuma. Ukipaka juu ya kutu iliyoanza umeifungia ndani, itakula chuma gizani. Ndani ya chasisi pia kuna matundu; hapo mafuta ya kuzuia kutu yapulizwe kwa mpira mwembamba, maana kutu ya pwani huanza ndani, ukiiona nje umeshachelewa. Na kila siku ya kazi, maji baridi ya bomba, si ya kisima chenye chumvi, kupitia chini yote. Visima vya Shela na vya mjini unavijua ladha yake. Ukiosha gari kwa maji hayo unaliongezea.

Kiraka cha gari la zamani, naomba usikitegemee. Kama huna budi kulitumia mpaka jipya lifike, beba nusu ya mzigo na usivuke nalo Sabaki. Mayungu na hotelini tu.

Shela Samaki, Malindi

Muuzaji ameniandikia. 1.9 aliyonayo uwanjani haina kichujio cha masizi, ameweka kwenye barua yenye muhuri. Kuhusu 2.2 hakuandika chochote, tarehe wala kichujio.

Nimekwenda sacco asubuhi nikawaeleza. Nachukua 1.9. Nimemwambia muuzaji kama alivyonifundisha kaka wa Magarini, na bei hakushusha, lakini amekubali kutoa gari bila yale mapambo ya bodi waliyoyaweka na kunipunguzia thamani yake. Pesa hiyo ndiyo itakayolipa sanduku la faiba. Mpwa wangu amenuna kidogo. Nimemwambia akiona 2.2 barabarani aje anionyeshe, nitaitazama.

Fundi, gari likifika naomba nilifikishe kwako moja kwa moja kutoka Mombasa, kabla sijalipeleka ufukweni. Sanduku la faiba fundi wa maboti anasema atalimaliza wiki hiyo hiyo. Je, bomba nimwambie alipitishe upande wa dereva au wa abiria?

Fundi Nozeli, Malindi

Mwambie asitoboe kitu mpaka nilione gari. Upande utategemea ekzosi na tangi vimekaa wapi, na hayo tutayatazama tukiwa tumelala chini yake. Lilete tangi likiwa limejaa, na risiti ya mafuta uniwekee.